Aibu Ndiyo Inayotuangusha: Maneno kwa Wazee na Wajukuu Wao

Shikamooni wazee wangu. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Na ninyi wajukuu mliowasindikiza, msijifiche nyuma huko mkichezea simu; nusu ya maneno haya ni yenu.

Leo ni tarehe 1 Oktoba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1990 kwa ajili ya wazee duniani. Kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003, ukitimiza miaka 60 umeshaingia. Hakuna usaili wala barua ya maombi, na ukishapokelewa hakuna kuomba uhamisho.

Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Uzee una kazi zake. Ila nina neno moja la kusema leo, na mengine yote nitakayoyataja yanalifuata hilo: wazee wengi wanaumizwa zaidi na kuficha kuliko na maradhi yenyewe. Mzee anaficha mkojo. Anaficha kwamba hasikii. Anaficha kwamba juzi aliteleza bafuni, mpaka siku nyonga inapovunjika ndipo familia inaambiwa kwamba ile ilikuwa mara ya nne. Aibu hiyo ina dawa mbili, na zote ziko nyumbani. Moja ni utani. Nyingine ni dini, maana dini zetu zilishampa mzee ruhusa ya kutoweza, tena kwa maandishi. Wenye ruhusa ndio hawaitumii.

Sara alicheka nyuma ya mlango wa hema aliposikia kwamba atazaa na miaka yake tisini. Alipoulizwa akakana, akasema hakucheka, naye akaambiwa: la, umecheka. Ahadi haikufutwa kwa sababu ya kicheko. Nabii Zakaria, katika Surat Maryam, anaanza dua yake kwa kutaja mifupa iliyodhoofika na kichwa kilichojaa mvi. Hakuona haya kumtajia Mola wake mifupa. Sasa wewe unamficha nesi?

Utani nao tunao. Katika makabila mengi ya nchi hii bibi humwita mjukuu wake "mume wangu", na babu kaoa wajukuu wote wa kike bila kutoa hata mbuzi. Watu huona ni mchezo tu. Lakini mtoto wa kumzaa hawezi kumuuliza mama yake kama amejikojolea. Adabu inamfunga yeye, na heshima inamfunga mama. Mjukuu anaweza: "Mke wangu, mbona shuka limeanikwa alfajiri?" Bibi atacheka, atamtukana kidogo, halafu atasema kweli. Kwa hiyo ninyi wa katikati, mlio na wazazi na watoto pia, mkitaka kujua hali ya mama zenu mtumeni mjukuu anayejua kutunza siri. Akishajua, amwambie mtu mmoja tu, yule anayeweza kusaidia. Utani ukivuka kizingiti cha nyumba unageuka umbea, na bibi hatasema tena.

Nimeshataja mkojo, basi tuumalize.

Kuamka mara moja usiku ukiwa na miaka 70 si ugonjwa. Ukiamka mara tatu au nne, hapo tunauliza kwa nini. Wenye miguu inayovimba mchana, sababu mara nyingi iko miguuni: maji yaliyotuama huko hurudi kwenye damu ukilala, figo zinayachuja, na saa nane usiku unaitwa. Basi alasiri, kuanzia saa tisa au saa kumi, jilaze saa nzima miguu ikiwa juu ya mito, usawa wa moyo au zaidi, ili maji hayo yatoke kabla hujalala. Dawa ya presha inayokojosha huwa inanywewa asubuhi. Wapo wanaoimeza usiku pamoja na nyingine kwa sababu ndivyo walivyozoea, halafu wanamsingizia jini. Kama yako umeandikiwa usiku, muulize aliyekuandikia. Chai na kahawa za usiku ziachwe, na kinywaji cha mwisho kiwe saa mbili au tatu kabla ya kulala.

Lakini maji ya mchana msiyapunguze. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mzee akiogopa mkojo anaacha kunywa maji kabisa. Mkojo unakuwa mzito na wa rangi ya chai ya rangi, kibofu kinawashwa, haja inazidi badala ya kupungua. Choo kikubwa nacho kinakauka, kinabana kibofu kwa nyuma. Na mwili uliozeeka hausikii kiu kama zamani, kwa hiyo ukisubiri kiu umechelewa. Vikombe sita hadi nane kwa mchana vinatosha, isipokuwa kwa aliyewekewa kipimo na daktari wa moyo au wa figo.

Akina baba: mkojo unaochelewa kuanza, unaotoka kwa kukatika, unaodondosha matone kwenye suruali ukidhani umemaliza, mara nyingi ni tezi dume imekua, na mara nyingi si saratani. Mara nyingi si sawa na kila mara, kwa hiyo ipimwe. Damu kwenye mkojo ni safari ya hospitali bila kungoja. Mkojo ukigoma kabisa huku tumbo la chini linauma, nenda saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Akina mama: kuna walioamua kutocheka leo hata niseme nini, kwa kuwa kicheko kikija na mkojo unakuja. Misuli inayoshika kibofu kwa chini imelegezwa na uzazi na umri, na misuli hiyo inafundishika. Kaza kama unayezuia upepo usitoke mbele ya wakwe, ukivuta ndani na juu. Hesabu mpaka tano, legeza, hesabu tano tena. Fanya hivyo mara kumi asubuhi, mchana na jioni; ukizoea, ongeza hadi hesabu ya kumi. Wanaoshindwa huwa wanakaza tumbo na makalio badala ya misuli yenyewe, au wanabana pumzi. Msifanyie zoezi katikati ya kukojoa. Na mjipe miezi mitatu, maana wiki mbili hazitoshi kuona tofauti. Zoezi hili halionekani kwa nje. Mahubiri marefu yanatosha duru mbili.

Mzee anayevuja huanza kukwepa msikiti, au anakaa benchi la mwisho kanisani, karibu na mlango. Anadhani hali ile imemtoa kwenye ibada. Kwa Waislamu jambo hili lina hukumu yake: mwenye mkojo usiozuilika anajisafisha, anaweka kitambaa au nepi, anatawadha baada ya wakati wa sala kuingia, kisha anasali bila kuchelewesha, na tone likitoka katikati halimharibii. Faradhi inayofuata anarudia. Wafuasi wa Imamu Shafii, ambao ndio wengi pwani yetu, wanalisoma hili madrasa wakiwa na miaka kumi na mbili, wakati halina kazi. Wakifika sabini wamelisahau, na wanaona haya kumuuliza shekhe ambaye wao wenyewe walimfundisha alifu.

Sasa kuanguka. Wengi wanaangukia nyumbani, na njia ya kitandani hadi chooni inaongoza. Ukisimama ghafla presha inashuka, hasa ukiwa unatumia dawa za presha, na kichwa kinazunguka kabla mguu haujajua. Kwa hiyo ukiamka kaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini. Pandisha na kushusha vidole mara ishirini, hesabu mpaka sitini, simama ukishika kitu kisichosogea, vuta pumzi mbili tatu, ndipo uende. Tochi ikae mahali mkono unafika bila kupapasa.

Kisha itazameni nyumba. Kandambili zilizolika soli zitupwe leo. Juu ya marumaru yenye maji hazina tofauti na sabuni. Mkeka uliokunjamana pembeni unyooshwe au uondolewe. Kanga ifungwe juu ya kifundo cha mguu. Bafuni wekeni chuma cha kushika, kilichofungwa ukutani penye zege. Kile cha kutundikia taulo kimeshikwa na skrubu mbili, hakikuwekwa kwa ajili ya mtu wa kilo sabini. Choo cha kuchuchumaa kimewashinda wenye magoti, nao wanaendelea kuchuchumaa kwa kujizuia wasilie. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu na mikono ya kushikia, urefu wa sentimita 45 hivi, kinachowekwa juu ya choo kilekile. Miguu yake ivalishwe mpira isiteleze. Wajukuu, pesa ya kitenge cha sikukuu inaweza kuanzia hapo.

Miguu nayo ifanyishwe kazi. Chukua kiti kigumu, kiegemeze ukutani. Kaa, nyayo chini, mikono ukiikunja kifuani. Simama wima, halafu kaa polepole kwa hesabu ya tatu. Kule kushuka polepole ndiko kunakojenga paja. Mara nane hadi kumi, pumzika, rudia, siku tatu kwa wiki au zaidi. Asiyeweza bila mikono aanze na mikono, au aongeze mto kwenye kiti. Sofa hizi mnazonunuliwa na watoto, zile za chini za kuzama, ni mtego: wageni wanaondoka, na wewe bado unapanga namna ya kuinuka.

Ukianguka, usikurupuke. Tulia, sikiliza mwili. Kama hakuna maumivu makali, geuka ubavu, jisukume mpaka upige magoti na mikono, tambaa hadi kwenye kiti, weka mikono juu yake, tanguliza mguu wenye nguvu, jisukume, kaa. Na ninyi mnaokuja kusaidia, msimvute mzee kwa mikono kama gunia, bega linachomoka. Mguu mmoja ukionekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika: msimwinue wala kumkanda, tafuteni gari na ubao wa kumlazia. Mtu wa kuchua asubiri.

Aliyeumwa magoti mpaka sijida ikamshinda asione amepungukiwa. Imran bin Huswain, swahaba wa Mtume, alikuwa na bawasiri, ugonjwa ambao hata leo mtu anautaja kwa kunong'ona, na umo katika hadithi aliyoipokea Bukhari. Mtume alimwambia asali kwa kusimama; asipoweza, kwa kukaa; asipoweza, kwa kulala ubavu. Anayesali kitini ainame zaidi kwenye sijida kuliko kwenye rukuu. Basi. Na kwa saumu, mzee asiyeweza tena kufunga anatoa fidia, kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Mwenye kisukari anayechoma sindano asianze Ramadhani bila kuonana na daktari wiki kadhaa kabla. Sukari ikishuka akiwa amefunga, atafungua palepale.

Wakatoliki, sheria ya kufunga inakoma mtu anapoanza mwaka wake wa 60. Ile saa moja ya kutokula kabla ya Komunyo haimbani mzee wala mgonjwa, kwa hiyo dawa inayotaka chakula imezwe na chakula. Na Mpako wa Wagonjwa si tiketi ya kaburini. Mzee aliyedhoofika anaruhusiwa kuupokea, na akizidiwa tena anaupokea tena. Watu wanamkimbia padri mwenye mafuta kama wamemwona mpima viwanja, hadi mgonjwa anapoteza fahamu, halafu wanalalamika kwamba padri amechelewa.

Masikio. Uzee unachukua kwanza sauti nyembamba, zile za s, f, sh na ch, wakati a, e, i, o, u zinabaki. Ndiyo maana mzee anasema, "Nakusikia, ila sielewi unachosema," na ni kweli tupu. Mgeni anabisha hodi usiku, anasema "Ni sisi," bibi ndani anasikia "Ni fisi," anasukuma kabati mlangoni. Chekeni, lakini mjue kwamba kupiga kelele hakusaidii, kwa sababu kelele inakuza vokali tu. Mkaribie, akuone mdomo, zima redio, punguza mwendo, tumia sauti nzito kidogo. Asipoelewa mara mbili, badilisha maneno, usirudie yaleyale. Na usimwambie "Achana nayo, si muhimu." Mzee aliyeambiwa hivyo mara nyingi huacha kuuliza, watu wakadhani amechanganyikiwa.

Kabla ya kununua kifaa cha kusikia, masikio yaangaliwe nta. Njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku na ufunguo vinasukuma nta ndani na vinaweza kutoboa ngoma. Sikio ambalo halijawahi kutoka usaha wala kutobolewa linaweza kutiwa matone mawili matatu ya mafuta ya zeituni kwa siku chache, kisha uende kliniki wakalisafishe.

Macho nitayapita haraka. Ukiwa na miaka arobaini na kitu, unaanza kusoma ujumbe wa simu kwa mkono ulionyooshwa. Mkono ukiisha urefu, unahitaji miwani. Ya barabarani inasaidia kusoma, lakini haigundui mtoto wa jicho wala presha ya macho. Mtoto wa jicho anatolewa, lenzi bandia inawekwa, unaona. Presha ya macho inakula kimya kuanzia pembeni, na ilichokula hakirudi, kwa hiyo pima hata kama unaona vizuri. Taa ya kusomea ikae nyuma ya bega, na Biblia za herufi kubwa zipo, misahafu ya herufi kubwa ipo.

Meno bandia yatolewe usiku yapumzike kwenye maji ya baridi. Ya moto yanayapinda. Osha kwa brashi laini na sabuni, juu ya beseni lenye maji, ili yakiponyoka yasivunjike. Fizi hupungua kadiri miaka inavyokwenda, ndiyo maana meno yaliyokukaa vizuri zamani leo yanaondoka na kipande cha nyama, yapelekwe yarekebishwe. Kidonda mdomoni kisichopona wiki tatu kionwe na daktari. Na asiye na meno asiishie kwenye uji na chai na mkate. Paja tulilolizungumzia linajengwa kwa dagaa waliosagwa, mayai, maharage yaliyopondwa, karanga zilizosagwa, maziwa.

Nirudi kwenye kicheko, kwa sababu kina mpaka wake. Kusahau ulipoweka ufunguo ni mzaha. Kuushika ufunguo na usijue ni wa kazi gani, hilo lipelekwe hospitali. Na mzee aliyekuwa mzima juzi, leo anaongea ovyo, anaona watu wasiokuwepo, hajui mchana na usiku, huyo ni mgonjwa wa leo: inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, malaria, upungufu wa maji, sukari, au dawa mpya aliyoanza wiki hii. Msiseme ni uzee, na msiite mganga. Vilevile bibi mwenye macho mekundu aliyepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini ana macho ya moshi. Katika nchi hii, hasa kule Usukumani, vikongwe wameuawa kwa rangi ya macho yao. Kwa hiyo neno "mchawi" halimo kwenye utani, hata kwa mtani wako wa damu, hata siku ya msiba ambapo watani wanaruhusiwa karibu kila kitu. Shekhe au mchungaji anayelisikia na kunyamaza ana la kujibu.

Nimeongea vya kutosha, na meza ya presha iko pale chini ya mwembe. Aliyekunywa chai au kahawa angoje nusu saa. Nenda chooni kwanza, kwa sababu kibofu kilichojaa kinapandisha kipimo. Kaa dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu isipishane, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo. Mkono wa shati utolewe, na wakati mashine inabana, nyamaza. Simulizi za jirani zinapandisha namba. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi tutarudia, na tutakuambia urudi siku nyingine kabla ya kuanza dawa yoyote.

Dawa zote mmezileta, natumaini, pamoja na ile ya mizizi mliyoificha chini ya kanga. Zitoeni zote mezani. Hasa vidonge vya maumivu vya dukani, diklofenaki na ibuprofeni: vinapandisha presha na kuchosha figo, na wapo humu wanaomeza dawa ya kushusha asubuhi na ya kupandisha jioni, wakishangaa kwa nini namba haisogei. Hakuna atakayegombezwa. Wajukuu waandike majina na saa za kumeza kwa herufi kubwa.

Choo kiko nyuma ya ofisi, mkono wa kulia. Kina kiti na chuma cha kushika, na mlango unafunguka kwa nje. Nendeni wawili wawili, na kama kuna foleni, mwenye haraka aseme apite.